Kujitoa katika Mkataba wa Kununua Nyumba Mpya Mkopo Unapokwama: Hali ya Kisheria Nchini Kenya

Ununuzi wa nyumba mpya nchini Kenya hudhaniwa na wengi kuwa shughuli ya watu watatu, yaani mnunuzi, mwendelezaji (kampuni inayojenga nyumba na kuziuza) na benki inayotoa mkopo, ilhali mkataba wa mauzo wenyewe huwafunga wawili wa kwanza tu. Benki ikikataa kutoa mkopo, au ikiutoa pungufu, mnunuzi bado anadaiwa bei yote siku ya ukamilishaji, isipokuwa pale ambapo mkataba wenyewe umesema vinginevyo. Kwa kuwa kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kinataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote na saini hizo zishuhudiwe, mnunuzi anayetegemea maneno ya afisa wa mauzo kwamba fedha zitarudishwa mkopo ukikosekana huwa na kibarua kigumu mahakamani.

Wapo wanaojaribu kutegemea kanuni ya kukwama kwa mkataba, inayowaachilia wahusika pale tukio lisilotarajiwa, na lisilo kosa la yeyote kati yao, linapoufanya utekelezaji usiwezekane. Kanuni hii, iliyopokewa Kenya kutoka sheria ya Uingereza, haimsaidii mtu aliyekosa fedha. Mwaka 1979, katika kesi ya Universal Corporation dhidi ya Five Ways Properties, mnunuzi alizuiwa kukamilisha kwa wakati kwa sababu fedha alizozitegemea kutoka Nigeria zilicheleweshwa na masharti ya fedha za kigeni, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa kwamba mkataba ulikuwa umekwama. Ikiwa agizo la serikali halikutosha, barua ya benki ya kukataa mkopo haiwezi kutosha.

Ugumu huongezeka kwa nyumba zinazouzwa zikiwa bado kwenye ramani, kwa sababu kati ya kutia saini na kukabidhiwa funguo huweza kupita miaka miwili au zaidi, na mnunuzi aliyestahili mkopo mwanzoni huweza asistahili tena bila kupoteza kazi wala kukopa kwingine. Kiwango cha msingi cha riba cha Benki Kuu ya Kenya, kilichokuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, kilifika asilimia 13 Februari 2024. Mkopo wa shilingi 6,400,000 wa miaka 20 hulipwa takriban shilingi 70,500 kwa mwezi kwa riba ya asilimia 12, lakini riba ikifika asilimia 16 malipo hayo hukaribia shilingi 89,000. Wakati huohuo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19(3), hairuhusu makato yote yazidi theluthi mbili za mshahara, na tangu 2023 ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 nao umeingia kwenye orodha ya makato. Inasikitisha kwamba tozo iliyokusudiwa kuwapatia watu nyumba yaweza kumnyima mfanyakazi mkopo wa nyumba aliyokwisha kuitia saini.

Mnunuzi anayeshindwa kukamilisha kwa kawaida hupewa ilani ya kukamilisha, ambayo mara nyingi ni ya siku 21, na muda huo ukiisha mwendelezaji huweza kutengua mkataba na kuchukua arbuni, yaani malipo ya awali yanayotolewa kama dhamana ya nia ya kununua, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei. Hapa ndipo wanunuzi wengi husalimu amri mapema mno. Baraza la Faragha la London, katika rufaa ya Workers Trust dhidi ya Dojap Investments kutoka Jamaika mwaka 1993, liliamua kwamba asilimia 25 haikuwa arbuni ya halali bali adhabu, na likaamuru fedha zirudishwe baada ya kutoa hasara halisi ya muuzaji. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, lakini una uzito wa kushawishi. Kwa hiyo mwendelezaji aliyekwisha kupokea asilimia 40 kwa awamu hapaswi kudhani kwamba zote ni zake.

Kabla ya yote, wakili wa mnunuzi hana budi kuuliza mkopo ulikwama kwa kosa la nani. Benki haitoi fedha mpaka rehani isajiliwe, na rehani ya nyumba ya ghorofani huhitaji hati ya umiliki wa sehemu chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020. Ikiwa barua ya mkopo iliisha muda kwa sababu mwendelezaji hakupata hati hizo, au kiwanja kizima bado kimefungwa na mkopo wake wa ujenzi, aliyevunja mkataba ni mwendelezaji, na mnunuzi anayo haki ya kudai fedha zake na fidia.

Mawakili wanaombwa wasimruhusu mteja anayetegemea mkopo atie saini mkataba usio na sharti la mkopo, yaani kifungu kinachotaja kiasi cha mkopo, tarehe ya mwisho ya kuupata, wajibu wa mnunuzi wa kuuomba kwa nia njema, na muda wa kurudishiwa arbuni yake.