Usalama wa Mtoa Huduma ya Kwanza Wilayani Magu: Damu, Glovu na Saa 72

Maana na hatua

Huduma ya kwanza ni msaada anaopewa mgonjwa au majeruhi pale alipo, kabla hajafikishwa kwa mtaalamu wa tiba. Hatua zake zinafahamika: kukagua usalama wa eneo, kuita Polisi kwa 112 au Zimamoto na Uokoaji kwa 114, kugandamiza jeraha linalovuja damu, na kumkandamiza kifua mara 30 kwa kila pumzi 2 mtu asiyeitika wala kupumua.

Tatizo la mikono mitupu

Kinachohitaji maelezo marefu ni hali ya mtoa msaada mwenyewe. Katika barabara ya Mwanza–Musoma inayopita Magu, na hata kwenye mialo ya Ghuba ya Speke, anayewahi kufika mara nyingi si mhudumu wa gari la wagonjwa bali ni mwendesha bodaboda, mvuvi au mchuuzi wa samaki. Ndivyo ilivyokuwa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani: wavuvi walitangulia kuwafikia abiria, na watu 24 kati ya 43 waliokuwamo wakanusurika.

Mtu huyo hushika damu kwa mikono mitupu. Ngozi nzima humkinga, lakini damu inayogusa mchubuko au kumrukia machoni yaweza kumwambukiza Virusi vya Ukimwi (VVU) au homa ya ini aina ya B. Zipo dawa kinga za VVU, ambazo humezwa kwa siku 28 na hufaa tu zikianzwa mapema, kabla ya saa 72 kupita tangu kuguswa na damu. Mhudumu wa afya aliyejichoma sindano anajua pa kukimbilia. Mwendesha bodaboda hunawa, akarudi kijiweni, na saa zikapita bila yeye kuambiwa kwamba zinahesabika. Kwa heshima zote kwa mamlaka husika, na bila kupuuza ufinyu wa bajeti, haikubaliki kwamba suala la jozi ya glovu liendelee kuahirishwa kutoka kikao hadi kikao, ilhali anayengojewa kuokoa ni huyohuyo asiyekingwa.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba kila kijiwe cha bodaboda na kila mwalo uwe na kisanduku chenye glovu, na kwamba mtu mmoja akabidhiwe jukumu la kukijaza upya. Pasipo glovu, mfuko safi wa plastiki usiotoboka utumike kufunika mikono. Aliyeguswa na damu anawe kwa sabuni na maji tiririka, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, naye apokewe kama apokewavyo mhudumu wa afya. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umeonyesha kupitia namba 115 kwamba madereva wa kawaida waweza kuunganishwa rasmi na vituo vya afya kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga. Utaratibu wa namna hiyo uwafikie watoa huduma ya kwanza.

Kwa upande wa ziwa, asiye na jaketi okozi asijitose majini, bali anyooshe kasia au arushe dumu tupu lililofungwa kamba. Barabarani, lori la mafuta likipinduka watu waondolewe kwanza, kwani mlipuko wa Msamvu, Morogoro, wa Agosti 2019 uliua zaidi ya watu 100. Aidha, inasisitizwa kwamba glovu zitengewe fungu katika bajeti ya halmashauri, na kwamba ukomo wa saa 72 ubandikwe kwa maandishi makubwa katika kila kijiwe na kila mwalo.