Mjigo Umeharibika, au Maji Yameshuka?

(Muziki wa kipindi. Halafu sauti ya mkono wa mjigo: kwi, kwi, kwi. Sauti inashuka.)

Ninyi wa Katubza, Kawale, Likuni na kila kona ya Dzaleka. Wale mnaotusikiliza mkiwa kwenye foleni ya maji, poleni na foleni. Leo tunaongea juu ya mjigo. Nasema mjigo, neno la Kichewa, kwa sababu hata sisi tuliotoka Kongo na Burundi hapa hatusemi tena pampu ya kisima.

Nianze na kosa letu wenyewe. Mwaka jana, mwezi wa 10, jua kali, mjigo wa mtaa wetu ulianza kusumbua. Saa tatu asubuhi maji yanakatika, mkono unatoa pumzi tu. Kamati ikakaa, ikasema raba ya pistoni imekwisha. Tukachangishana, kila nyumba kidogo kidogo, na mimi nikachaguliwa nimsindikize mzee fundi mpaka Lilongwe. Mnajua wenyewe kutoka hapa kunataka ruhusa, halafu minibasi, halafu kurudi kabla ya giza. Siku nzima, kwa raba inayoenea kwenye kiganja.

Dukani muuzaji akatuuliza swali moja kabla ya kutoa kitu: asubuhi na mapema, mkono unapigwa mara ngapi ndipo maji yatoke? Nikamwangalia mzee, mzee akaniangalia. Hakuna aliyekuwa amehesabu. Tukanunua raba, tukarudi, mzee akaifunga vizuri kabisa. Kesho yake saa tatu asubuhi maji yakakatika tena.

Ule mjigo haukuwa na ugonjwa. Maji ya chini ndiyo yalikuwa yameshuka. Na katika siku zile, mdogo wangu alichoka na foleni ya mjigo wa mbali, akaenda kuchota kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mkono kule bondeni, kwenye dambo. Alilala hospitali siku mbili, anaharisha. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mnakumbuka kipindupindu kilichoanza Malawi mwezi Machi 2022: watu zaidi ya 1,700 walikufa. Ndiyo maana nataka tujue kuuliza mjigo kabla ya kutoa pesa.

Sasa, uko vipi huo mjigo? Mingi hapa Malawi ni ya aina inayoitwa Afridev. Ilibuniwa kati ya Malawi hii na pwani ya Kenya, upande wa Kwale, katika miaka ya 1980, na nia ilikuwa watu wa kijiji waweze kuutengeneza wenyewe. Kule Kwale akina mama walifundishwa kazi hiyo. Kwa hiyo dada, ukiambiwa hii ni kazi ya wanaume, mjibu hivyo.

Ukiufungua, ndani kuna bomba la plastiki linaloshuka kisimani. Katikati ya bomba kuna fito za chuma zilizounganishwa. Mwisho wa fito kuna pistoni yenye raba, inapanda na kushuka ndani ya silinda. Na chini kabisa kuna valvu, mlango mdogo unaoruhusu maji yaingie na kuyazuia yasirudi. Pistoni na valvu vyote viwili hutolewa bila kung'oa bomba. Hapo ndipo wazo lao lilikuwa zuri.

Kipimo cha kwanza ni kile cha yule muuzaji. Piga mjigo mpaka maji yatoke vizuri. Acha, mtu yeyote asiguse, nusu saa. Halafu piga tena ukihesabu. Maji yakitoka kabla ya mipigo mitano, chini kunashika. Yakizidi mitano, yalikuwa yanarudi chini wakati mmepumzika: valvu ya chini haifungi, au raba yake ya mviringo imeisha, au kuna mchanga umekwama. Na kama mmebadilisha valvu na hesabu bado ni kubwa, basi bomba lenyewe lina ufa au gundi ya kiungo imeachia. Hiyo mwiteni fundi wa eneo mwenye vifaa, msivute bomba wenyewe, litakatika lizame.

Kipimo cha pili: weka bidoni ya lita 20. Piga mipigo kamili 40 kwa dakika moja. Mjigo mzima utatoa lita 15 au zaidi. Ukitoa chini ya 10, yaani bidoni haijafika hata nusu, na ile hesabu ya kwanza ilikuwa nzuri, hapo sasa ndiyo raba ya pistoni.

Halafu tazameni saa. Hiki ndicho kilitupita sisi. Mjigo ambao asubuhi unatoa kwa nguvu, bidoni za kwanza zinajaa haraka, halafu kadiri watu wanavyochota unaanza kutema hewa, na ukipumzishwa maji yanarudi, huo msiufungue. Kisima kimezidiwa. Serikali ya Malawi inapanga mjigo mmoja kwa watu 250. Dzaleka ilifunguliwa 1994 kwa watu kama 10,000, leo tumepita 50,000, hesabuni wenyewe foleni yenu ina wangapi. Mwezi wa 10 na wa 11, kabla ya mvua, maji yako chini kabisa. Sisi mwishowe tuliweka saa za kupumzisha, mchana na usiku, kwa kufuli. Watu walitukana kamati wiki nzima. Lakini bidoni zilizojaa kwa siku ziliongezeka.

Dalili nyingine nazipitia haraka. Mkono umekuwa mwepesi ghafla kama unapiga hewa, na hakuna maji: ufito umekatika au umeachana. Mkono mzito: ufito umepinda, au mchanga kwenye silinda. Mkono unayumba na kulia, kama ule mliousikia mwanzoni: vile vikombe vya plastiki pale mkono unapozungukia vimelika. Hivyo ni rahisi, spana moja tu, lakini mkiviacha vitakula chuma na mtalipa mkono mzima.

Ninyi mlio na jamaa Lilongwe wanaofanya kazi kwenye nyumba zenye pampu ya umeme uani, huko ni habari nyingine. Ikikataa, waangalie kwanza umeme na swichi. Na wasiiache ikizunguka bila maji, itaungua.

Jambo moja linaniudhi. Watu wanakata raba ya pistoni kutoka kwenye kandambili au tairi. Naelewa, pesa hakuna. Inafanya kazi siku chache, halafu vipande vinaanguka kwenye valvu, na sasa mna magonjwa mawili. Afadhali kamati inunue raba mbili siku moja, moja ikae kwa mama mtunza hazina.

Siku ya kufungua, nawe mikono kwa sabuni. Fito zisilazwe chini kwenye tope ambapo mbuzi wamepita. Ziwekwe juu ya mbao safi. Kabla ya kufunga, waombeni wahusika wa maji dawa ya klorini ya kutia kisimani na kipimo chake. Siku hiyo maji hayanywewi. Baada ya hapo pigeni na kumwaga mpaka harufu iishe.

Leo saa kumi na moja alfajiri, kabla sijaja studio, nimehesabu mjigo wetu. Ulikuwa umelala usiku kucha na kufuli. Mipigo tisa. Nikaupumzisha nusu saa, nikarudia: minane. Safari hii ni valvu. Mama mwenyekiti ameshapata ile raba ya mviringo, na Jumamosi saa mbili asubuhi tunafungua. Mnaochota pale, jazeni bidoni zenu Ijumaa jioni. Na anayetaka kujifunza aje, spana iko moja lakini macho ni ya wote.

(Muziki.)