Shahidi Katika Kiti cha Kadhi: Rai ya Umma Wetu juu ya Vita vya Urusi na Ukraine

Mhadhara wa umma, Njoro, Moshi



Mintarafu ya vita vilivyozuka alfajiri ya tarehe 24 Februari 2022, majeshi ya Urusi yalipovuka mpaka wa Ukraine kutoka kaskazini, mashariki na kusini, mengi yamekwisha kunenwa na mabingwa wa silaha na wa siasa, nami sina nia ya kuyarudia. Nimekusudia jambo dogo zaidi, lakini lililo letu: kuuliza rai ya watu wa nchi hii juu ya mwendo wa vita hivyo imetokana na nini, na ina uzito gani katika mizani ya haki. Hakuna aliyeketi kijiweni kwa kikombe cha kahawa, akapanda daladala ya kwenda Himo, au akangojea zamu yake kwa kinyozi, asiyekuta majadiliano ya nani anashinda na nani anashindwa. Na aghalabu asemaye kwa sauti ya juu kuliko wote ndiye ambaye hajapata kumwona Mrusi wala Myukreni, isipokuwa yule apitaye mjini akielekea mlimani.

Dai langu, ambalo nalitaja mapema ili mpate kunihukumu kwalo, ni kwamba rai ya umma wetu ni shahidi mkweli wa mambo yetu wenyewe, yaani deni letu la kale, uchungu wetu na bei za sokoni. Walakini shahidi huyo tumemkalisha katika kiti cha kadhi, akatoa hukumu juu ya kesi ambayo hakuisikiliza.

Tuanze na kumbukumbu. Mtu aliyekuwa kijana wakati wa Uhuru anakumbuka kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipowekwa Dar es Salaam mwaka 1963, na wapigania uhuru wa kusini walipopokelewa Kongwa, silaha zilizowafikia zilitoka kwa wingi Moscow na Peking, ilhali Ureno, iliyokuwa ikiwapiga, ilikuwa mwanachama wa NATO. Anakumbuka pia vijana waliokwenda kusoma katika chuo kikuu cha Moscow kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, mwaka ule ule aliouawa. Mwanawe, ambaye hayo hakuyaona, ameiona Iraki ikivamiwa mwaka 2003 na Libya ikipigwa mwaka 2011, na hakuwaona waliotenda hayo wakiwekewa vikwazo vyovyote. Hivyo baba kwa shukrani, na mwana kwa uchungu, hukutana katika kauli moja: kwamba wanaomkaripia Mrusi leo hawana uso wa kufanya hivyo.

Kauli hiyo ina nguvu, na msomi aidharauye hajui watu anaokaa nao. Hata hivyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba fadhila tunayoikumbuka ilikuwa ya Muungano wa Kisovyeti, na Ukraine ilikuwa sehemu ya muungano huo: wapiganaji wa Afrika Kusini walifunzwa Odesa, wa makoloni ya Ureno wakafunzwa Perevalnoye katika Krimea, na Waafrika wengi wakasomea udaktari na uhandisi Kyiv na Kharkiv. Ikiwa deni lipo, basi wadai ni wawili, na hakuna sheria iwezayo kumlipa mmoja kwa damu ya mwenziwe. Kasoro ya pili ni kwamba dhulma iliyotendwa Baghdad haihalalishi dhulma itendwayo Mariupol. Inachothibitisha ni unafiki wa walioitenda ile ya kwanza, na unafiki wa msemaji haubatilishi ukweli wa asemalo.

Chemchemi ya pili ya rai yetu ni mfuko. Nchi yetu huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka ng'ambo, licha ya mashamba ya Hanang na ya Magharibi mwa Kilimanjaro, na miongoni mwa wauzaji wetu wakubwa walikuwamo hao hao wapiganao. Mwezi Mei 2022 bei ya petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali kuanzia Juni. Mbolea, ambayo Urusi na Belarusi ni wauzaji wake wakuu duniani, ilipanda hata mfuko wa kilo 50 wa DAP ukawa takriban shilingi 130,000, mpaka ruzuku iliyozinduliwa Mbeya katika Nane Nane ya mwaka ule ilipoushusha hadi shilingi 70,000. Mama auzaye maandazi, dereva wa bodaboda na mkulima wa migomba na kahawa hawakuhitaji ramani ya Donbas ili kujua kwamba kuna vita.

Lakini mfuko, ingawa husema kweli juu ya maumivu, hausemi kweli kila mara juu ya sababu. Bei za mafuta na mbolea zilikwisha kuanza kupanda mwaka 2021, dunia ilipokuwa ikijitoa katika maradhi ya korona. Vita vilizikuta zikipanda vikazisukuma juu zaidi. Wako waliolaumu vikwazo vya Magharibi peke yake, wakasahau kwamba meli za nafaka hazikutoka katika bandari za Ukraine kwa miezi kadhaa kwa kuwa zilikuwa zimefungwa na jeshi la majini la Urusi, hata ulipopatikana mkataba wa Istanbul wa Julai 2022, ambao Urusi ilijitoa humo Julai 2023.

Chemchemi ya tatu ni masikio. Tunazipata habari kwa Kiswahili kutoka London na Bonn, na siku hizi zaidi kutoka simu ya mkononi, ambayo humletea kila mtu kile ambacho amekwisha kupenda kukisikia. Ndiyo sababu mwendo wa vita umebadilika mara nyingi na rai zetu zimebadilika mara chache. Juma la kwanza ilinenwa kwamba Kyiv itaanguka katika siku tatu. Mwisho wa Machi 2022 Warusi wakaondoka pembeni mwake. Septemba ile wakapoteza sehemu kubwa ya jimbo la Kharkiv, na Novemba mji wa Kherson. Mwaka 2023 wakauteka Bakhmut uliokwisha kuwa magofu, na mashambulizi ya Ukraine ya kiangazi kile hayakufikia shabaha yake. Kisha ikawa vita vya mahandaki na droni. Kwa kila hatua shabiki alipata sababu ya kubaki pale alipokuwa.

Na wako wetu waliokufa humo. Januari 2023 Waziri wa Mambo ya Nje, Stergomena Tax, alitangaza kwamba kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi mwaka 2020 kwa masomo, akafungwa mwaka 2022 kwa kosa la jinai, aliahidiwa msamaha akijiunga na kikosi cha mamluki cha Wagner, na akauawa Ukraine mwezi Oktoba. Mwili wake ulirudishwa akazikwa nyumbani.

Hadhirina, sisi wa chini ya mlima huu wa Kilimanjaro hatuna haki ya kusema kwamba mambo ya mipaka na himaya ni mambo ya wageni. Kutoka hapa Njoro barabara ya mashariki hupita Himo na kufika Holili, na ng'ambo ya pili ni Taveta. Mpaka huo ulipatanwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wala hapakuwa na Mchagga wala Mtaveta aliyeulizwa rai. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na wenzake kwa kuikataa himaya ya Wajerumani. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Machi 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipigana katika vilima vya Latema na Reata, kisha likaingia Moshi. Na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika wakafa katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na njaa, pasipo mtu kuwauliza walikuwa upande gani.

Tena, njia ya kwenda Arusha hupita Tengeru, ambako kuanzia mwaka 1942 waliwekwa wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, aghalabu wanawake na watoto. Wengi wao walikuwa wametolewa kwa nguvu na dola ya Stalin kutoka makwao, katika nchi ambayo leo ni magharibi ya Ukraine na ya Belarusi, wakapelekwa Siberia, na kupitia Uajemi wakafika huku. Vita Kuu vya Pili vilipokwisha wengi hawakuwa na pa kurudi, kwa kuwa mpaka ulikuwa umehamishwa na vijiji vyao vimo ndani ya Usovyeti. Makaburi yao yangalipo Tengeru. Watu wa huko waliwauzia ndizi na mayai wahanga wa mgogoro ambao wajukuu zetu hudhani ulianza juzi.

Basi kipimo chetu kiwe nini? Hatuna haja ya kukiazima Washington wala Moscow, maana tunacho. Mwaka 1964, katika mkutano wa wakuu wa Afrika uliofanyika Cairo, Mwalimu Nyerere ndiye aliyetoa hoja kwamba kila dola iiheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru wake, ingawa alijua, kuliko wengi, jinsi mipaka hiyo ilivyo ya kipuuzi. Ndiyo hoja ile ile aliyoieleza Balozi Martin Kimani wa Kenya mbele ya Baraza la Usalama tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya uvamizi. Agosti 1968, majeshi ya Kisovyeti yalipoingia Chekoslovakia, Tanzania iliyokuwa ikipigania ukombozi kwa silaha za Kisovyeti iliyalaani waziwazi. Na mwaka 1978, Idi Amin alipotangaza kwamba ardhi yetu hadi mto Kagera ni yake, akiwa na vifaru na ndege za Kisovyeti, hatukumwuliza mtu kama Amin ana hoja za kihistoria, tulimtoa.

Insafu hunilazimisha niongeze kwamba hatukukitumia kipimo hicho pasipo dosari. Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, ikaona kwamba uhai wa watu unaweza kuzidi utukufu wa mpaka. Na mwaka 1979 jeshi letu halikusimama mpakani bali lilifika Kampala. Mtetezi wa Urusi anayo haki ya kututajia hayo. Nasi tumjibu kwamba Biafra tuliitambua bila kujichukulia hata shamba moja la Nigeria, na kwamba Uganda tuliiacha na mipaka yake. Ilhali Urusi mwezi Septemba 2022 ilitangaza majimbo manne ya jirani yake kuwa mali yake, kama ilivyofanya kwa Krimea mwaka 2014.

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura ya kulaani uvamizi: nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Kenya na Rwanda ziliunga mkono; Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Serikali hupima maslahi, mikopo, ngano na ujirani wa mataifa makubwa, na kutofungamana na upande wowote ni urithi wetu wa halali, wala si mimi wa kuwahukumu waliokalia viti vile.

Lakini raia hana ngano ya kuagiza wala mkopo wa kuulinda. Anayo akili yake tu. Katika vihamba vya mlima huu mpaka huoneshwa kwa mimea ya masale, na jani la sale lile lile ndilo alipelekalo mkosaji akiomba radhi; hatuambiani kwamba aliyeng'oa sale la jirani yake amefanya vema kwa kuwa babu yake aliwahi kutusaidia. Nawaomba, hasa ninyi vijana, kabla ya kuulizana nani anashinda, muulizane nani aliyevuka mpaka, na habari mliyo nayo imetoka kwa nani. Serikali ilijizuia kwa sababu zake. Dhamiri ya raia mmoja mmoja haijapewa ruhusa hiyo.