Chanjo Iliyowasha Kibofu

Leo twende Kingston, Kanada, miaka ya 1970, kwa daktari wa mfumo wa mkojo, Alvaro Morales.

Enzi hizo saratani changa ya kibofu ilikwanguliwa, ikarudi. Ikakwanguliwa tena, ikarudi tena. Morales akaigeukia BCG, chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wetu wachanga. Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin waliiandaa mjini Lille kati ya 1908 na 1921, wakiotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya viazi vilivyolowekwa nyongo, kizazi baada ya kizazi, hadi ukali wao ukaisha.

Morales aliwachanja wagonjwa pajani, kisha akaimimina dawa hiyo kibofuni kwa mpira wa mkojo. Mgonjwa aliibana kwa saa mbili ndipo akaenda haja ndogo.

Kibofu kikawaka. Mkojo ulichoma, haja ilibana kila mara, wengine wakakojoa damu au kupata homa. Msikilizaji, kuwaka huko ndiko kulikotakiwa. Chembe za kinga zilimiminika kwenye ukuta wa kibofu kuwakabili bakteria, na saratani nayo ikashambuliwa. Hata ratiba ilifuata mwili: maumivu yalitulia ndani ya wiki, na chanjo ilikuja katika vichupa 6, basi ikawa dozi moja kila wiki kwa wiki 6. Ratiba hiyo ingali inatumika.

Mwaka 1976 Morales na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 9: uvimbe ulikuwa ukirudi mara chache mno kuliko awali. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 1990.

Lakini kibofu kuwaka si heri daima. Kwetu Pwani na Visiwani, mayai ya minyoo ya kichocho hunasa kwenye ukuta wa kibofu, na mwako wa miaka mingi huweza kuzaa saratani. Kwa BCG, daktari huuchochea kwa kipimo, kisha humpa mgonjwa nafasi ya kutulia.

Basi, ukiona damu kwenye mkojo, nenda hospitali, hata kama haiumi. Na ndugu uliye kwenye tiba hii, kuungua kwa siku moja au mbili ni kawaida. Homa kali au isiyoshuka si ya kuvumilia nyumbani: bakteria hao wako hai na wanaweza kusambaa mwilini. Rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.