Msomaji wa Gusii na Haki ya Kutoa Hukumu



Leo natoa maoni kuhusu vitabu vitano: viwili vya historia, viwili vya utafiti wa malezi, na tamthilia moja. Si desturi kuviweka kwenye meza moja. Historia hupelekewa wanahistoria, utafiti wa malezi huachiwa wataalamu wa jamii na saikolojia, nayo tamthilia hushikwa na mtahiniwa wa kidato cha nne mpaka siku ya mtihani. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo huo unatupunja. Kila kitabu kihukumiwe kwanza kwa kazi kilichojitwika, kisha kihojiwe na kitabu cha aina nyingine. Na anayestahili zaidi kusimamia mahojiano hayo ni msomaji anayeishi mahali panapoelezwa, yaani hapa Gusii, katika kaunti za Kisii na Nyamira.

Nianze na historia. Mwaka 1974 William Ochieng' alichapisha A Pre-colonial History of the Gusii of Western Kenya, kinachofikia mwaka 1914. Alijenga kazi yake juu ya ushuhuda wa wazee, akafuata koo na vizazi vyao mpaka zama zisizokuwa na maandishi. Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu, na ndipo penye udhaifu wake, kwa sababu mwaka unaokadiriwa kwa kuhesabu vizazi hauwezi kuaminiwa sawa na mwaka ulioandikwa siku tukio lilipotokea. Robert Maxon, katika Conflict and Accommodation in Western Kenya cha mwaka 1989, anasimulia uhusiano wa Abagusii na Waingereza kutoka 1907 hadi 1963, na nyaraka za serikali ya kikoloni ni nguzo kubwa ya masimulizi yake. Tazameni tukio la Januari 1908, kijana Otenyo alipomchoma mkuki Northcote, afisa wa utawala, na Waingereza wakalipiza kwa kuua watu, kuchoma nyumba na kutwaa mifugo. Ripoti za maafisa hutupa tarehe na mwendo wa kikosi. Masimulizi ya nyumbani humtanguliza Moraa, mwanamke mtabiri aliyewachochea vijana wasikubali kutawaliwa. Aliyesoma ripoti peke yake atadhani uasi ule ulikuwa hasira ya kijana mmoja. Aliyesikia masimulizi peke yake hatajua jinsi utawala ulivyopanga kisasi chake. Maoni yangu ni kwamba Maxon ni mwangalifu zaidi kwa tarehe, na Ochieng' ni msikivu zaidi kwa wenyeji. Hakuna anayetosha bila mwenzake.

Utafiti wa malezi unatupa ushahidi mzito zaidi kwamba kitabu kimoja hakitoshi. Mwaka 1966 Robert na Barbara LeVine walitoa Nyansongo: A Gusii Community in Kenya, kutokana na kazi waliyoifanya huku miaka ya 1950. Humo mama wa Kigusii anaonekana mkali, anayedai utii na asiyemwonyesha mtoto mapenzi waziwazi. Mwaka 1994 Robert LeVine na wenzake walirudi kwenye suala hilo katika Child Care and Culture. Waliwalinganisha mama wa Gusii na mama wa tabaka la kati wa Boston, Marekani. Waliona kwamba mama wa hapa huzungumza kidogo na mtoto mchanga, lakini humbeba muda mrefu, humnyonyesha mara kwa mara na humtuliza upesi anapolia. Waliyaeleza malezi hayo kama mpango wenye shabaha: kwanza mtoto aishi, mengine yafuate. Kile ambacho kitabu cha kwanza kilikaribia kukiita upungufu, cha pili kilikieleza kama hekima ya mahali penye hatari kwa watoto wachanga. Mtafiti mwenyewe alipanua macho yake, na hilo ni la kusifiwa. Hata hivyo, karibu miaka thelathini ilipita kati ya kitabu na kitabu, na muda huo wote picha ya kwanza ilisomwa katika vyuo vya mbali kama habari kamili ya mama zetu.

Picha kama hiyo yahitaji kuhojiwa na kitabu cha aina nyingine, na hapo ndipo tamthilia inapoingia. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, kitabu teule katika shule zetu za sekondari, haijitangazi kuwa habari za Gusii. Lakini Sara, anayesimangwa kwa kukosa mtoto wa kiume, na Yona, mumewe anayesombwa na maneno ya wanakijiji mpaka kwenye ulevi, wanatuonyesha jambo ambalo mtafiti Philip Mayer, alipochambua ukoo wa Kigusii mwaka 1949, hakujitwika kulionyesha. Mayer alieleza jinsi ukoo unavyopitia kwa wanaume. Arege anatuuliza kanuni ya namna hiyo humgharimu nini mwanamke aliyeolewa ndani yake, na anajibu kwa kumfanya Neema, binti yao, abebe mzigo wa matibabu ya mama yake. Nionavyo, Yona anabadilika kwa urahisi mno. Mtu aliyelemewa na aibu ya miaka mingi alistahili kupambana zaidi na nafsi yake mbele yetu. Lakini swali la tamthilia ni la haki, na halina nafasi katika jedwali la nasaba.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba mwenyeji ana upendeleo, atatetea kwao. Upendeleo upo, na mgeni naye ana wake. Dawa yake ni kudai kila maoni yaje na sababu inayoweza kukaguliwa: nani aliulizwa, mwaka gani, kwa lugha gani, na nani aliachwa nje. Ya pili ni kwamba tamthilia ni kazi ya kubuni, haiwezi kusahihisha utafiti. Kweli, haiwezi kuthibitisha idadi wala tarehe. Inaweza, hata hivyo, kuonyesha swali ambalo mtafiti hakuliuliza, na utafiti usioulizwa maswali mapya hudumaa. Ya tatu ndiyo nzito: vitabu hivi ni ghali, vingine havipatikani madukani, na vinne kati ya vitano vimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hili sina jibu la kinadharia. Lipo jukumu. Kitabu kinachomhusu mzee wa Nyamira kikikaa katika maktaba za ng'ambo peke yake, basi waliotoa ushuhuda wamenyimwa nafasi ya kusema kama walinukuliwa sawasawa.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Maktaba za umma na za vyuo katika kaunti hizi mbili ziwe na rafu ya kila kitabu kilichoandikwa kuhusu Gusii, pamoja na muhtasari wake kwa Kiswahili na Ekegusii. Na wanafunzi wetu wa fasihi, historia na elimu wafundishwe kuandika maoni ya vitabu kwa pamoja, mwanafunzi wa historia akijibu tamthilia na wa fasihi akijibu utafiti, maoni hayo yachapishwe ili wazee na wazazi wayapinge au wayakubali. Mtihani humtaka mwanafunzi aeleze kitabu kimesema nini. Chuo kikuu kina wajibu wa kumdai aseme kama kitabu kimesema kweli, na atoe sababu zake.