Mzigo Haujafika, Deni Limefika

Nchini Uingereza, mtu ananunua jokofu mtandaoni kwa mkopo wa kulipa kwa awamu tatu bila riba. Jokofu halifiki, lakini awamu ya pili inakatwa kwenye kadi yake kama kawaida. Duka lilishalipwa na mkopeshaji. Mteja kabaki na deni la kitu asichokiona.

Sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 haina mzaha na muuzaji. Kama hamkukubaliana siku, mzigo ufike ndani ya siku 30, na ukipotea njiani hasara ni ya muuzaji mpaka mteja aupokee. Kwa hiyo ule wimbo wa maduka wa "waulize wasafirishaji" haukubaliki.

Kasheshe huanza duka linapofilisika au kukaa kimya. Mwenye kadi ya mkopo analindwa na kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974: bei ikizidi pauni 100 na isipopita 30,000, benki inawajibika sawasawa na duka. Mikopo hii ya awamu iliachwa nje ya ulinzi huo kwa miaka mingi, na kwangu hiyo ni aibu. Usimamizi wa mikopo hiyo ulipangiwa kuanza tarehe 15 Julai 2026, kwa mikopo mipya tu.

Ndugu zetu mlioko huko, msikatize malipo kimyakimya, mtajiharibia rekodi ya mikopo. Mdaini muuzaji kwa maandishi, mwombeni mkopeshaji asimamishe awamu siku hiyohiyo, na hifadhini kila jibu.