Hotuba Hupigiwa Makofi, Swali Hudai Jibu
(Mazungumzo yaliyotolewa na kamati yetu katika semina ya vikundi vya akina mama, vijana na wazee)

Leo tumeombwa tuseme juu ya ugaidi na kazi ya mjumbe wetu kule Bungeni. Najua wengine mnasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Hapana. Bomu halichagui mkubwa wala mdogo.

Tukumbuke tulikotoka. Tarehe 7 Agosti 1998 watu 213 waliuawa Nairobi katika ubalozi wa Marekani na majengo ya karibu. Katika hao, Wamarekani walikuwa 12 tu. Wengine karibu wote walikuwa watu wetu: makarani, wapita njia, abiria wa basi, wanafunzi waliokuwa Ufundi House. Maelfu waliumia, na wengi wakapoteza macho. Halafu ikaja Kikambala mwaka 2002, Westgate mwaka 2013 ambako walikufa watu 67, na Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148.

Kila mara msiba ukitokea, waheshimiwa huja na hotuba. Wanalaani, wanatoa pole, na sisi tunapiga makofi. Si vibaya, pole ni utu. Lakini hebu tuulize: baada ya makofi, nini? Mama aliyepofuka mwaka 1998 hali hotuba.

Hapo ndipo tunataka mshike jambo moja. Mjumbe ana silaha mbili Bungeni, hotuba na swali. Hotuba inaeleza msimamo wake. Swali linamlazimisha Waziri kujibu, na jibu linaandikwa katika kumbukumbu za Bunge ziitwazo Hansard. Likishaandikwa halifutiki. Mwaka ujao mtu anaweza kulifungua na kusema, "Mheshimiwa Waziri, uliahidi hivi. Imefanyika?"

Zamani mawaziri walikuwa wabunge, wakijibu papo hapo. Chini ya Katiba ya 2010 waziri si mbunge tena, na kuanzia mwaka 2013 maswali yalipelekwa kwenye kamati. Mwaka 2023 mawaziri walianza tena kuja mbele ya Bunge la Taifa kujibu.

Sasa, swali zuri ni lipi? Swali baya ni hili: "Serikali inafanya nini kuhusu ugaidi?" Waziri atajibu, "Serikali inafanya kila iwezalo," na ataketi. Swali zuri lina mahali, tarehe na hesabu. Ni wangapi walioumia mwaka 1998 ambao bado wanahitaji dawa? Nani anawalipia? Mwaka 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa Marekani, lakini Wakenya wengi waliokuwa njiani siku ile hawakupata kitu. Miaka zaidi ya 25 baadaye, mwaka 2024, Seneti iliunda kamati maalum kuangalia fidia yao. Iliundwa kwa sababu wahasiriwa hawakunyamaza.

Kuna upande wa pili, na huu ni mgumu kuusema. Tunataka usalama, lakini hatutaki kijana achukuliwe usiku asionekane tena. Mama akienda stesheni anaambiwa, "Hayuko hapa." Katiba, kifungu cha 49, inasema mtu aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umeishia siku isiyo ya korti. Kuuliza kijana yuko wapi si kutetea magaidi. Kama ana makosa, ashtakiwe mbele ya hakimu, na ushahidi utolewe. Jamii inayoogopa polisi haiwezi kuwapasha habari, na bila habari za wananchi magaidi hawashikwi.

Wabunge wetu wamewahi kusimama imara katika jambo hili. Mswada wa ugaidi wa mwaka 2003 ulipingwa ndani na nje ya Bunge, kwa sababu ulionekana kuvunja haki na kuwalenga Waislamu. Haukupita. Sheria ya kuzuia ugaidi ilikuja mwaka 2012 baada ya mabishano ya miaka mingi. Lakini tarehe 18 Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria nyingine za usalama kwa haraka, huku waheshimiwa wakirushiana maneno, maji na hata ngumi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilitupa vipengele vinane. Kimoja kilitaka wakimbizi wasizidi 150,000 nchini. Kingine kilibana vyombo vya habari. Mnaona? Sheria ya haraka hurudi nyumbani ikichechemea. Haraka haraka haina baraka.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila kikundi kikae na kuandika maswali matatu, yenye mahali na tarehe. Pili, tuyapeleke ofisi ya mjumbe kwa barua, tubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Tatu, asipoyauliza, kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni mwenyewe. Na msiogope lugha: Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge. Nne, mjumbe akirudi kwenye baraza, tusimuulize ameleta mchango wa harambee kiasi gani. Tumuulize: "Mheshimiwa, uliuliza swali letu? Ulijibiwaje?"

Wakati wa uchaguzi tutaambiwa mengi. Mwenye kutaka kura zetu atuonyeshe maswali aliyouliza, si picha alizopigwa mazishini.

Sasa chukueni kalamu, tuanze na swali la kwanza.